Shamba la Wanyama na Wasomaji Wake: Historia ya Maoni Tangu 1944

1. Utangulizi

Ni vitabu vichache vya karne ya ishirini vilivyosomwa kwa nia zinazopingana kama hekaya fupi ya George Orwell iitwayo Animal Farm, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Kisa chenyewe chajulikana na wengi. Wanyama wa shamba moja la Uingereza wanamfukuza bwana wao, wanaandika amri saba ukutani, kisha nguruwe miongoni mwao wanajitwalia madaraka hatua kwa hatua, mpaka tofauti baina yao na binadamu inatoweka mbele ya macho ya wanyama wenzao. Wahakiki wanakubaliana kwamba hekaya hii inafuata mkondo wa historia ya Urusi tangu mapinduzi ya 1917 hadi Mkutano wa Tehran wa 1943. Wasichokubaliana ni maana ya kuufuata mkondo huo.

Makala haya hayakusudii kuihakiki hekaya hiyo sura kwa sura. Yanakusudia kufuatilia maoni ya wasomaji wake: wachapishaji walioikataa, wahakiki walioipokea, wakimbizi walioililia, serikali zilizoieneza na serikali zilizoiogopa, na hatimaye wasomaji wa Afrika ya Mashariki. Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenzake. Methali hiyo yaelekea kuwa muhtasari wa historia nzima ya maoni haya, maana karibu kila kundi la wasomaji limeuliza nguruwe ni nani, na karibu kila kundi limemwona katika ua wa jirani. Swali jingine, ambalo hekaya yenyewe inaliuliza kwa mkazo mkubwa zaidi, limesahauliwa mara nyingi: ni nani aliyeweza kusoma maandishi ya ukutani, na alifanya nini baada ya kuyasoma?

2. Wachapishaji kama wasomaji wa kwanza

Orwell, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eric Arthur Blair, aliiandika hekaya hii kati ya Novemba 1943 na Februari 1944. Alikuwa amekwisha kuwa askari polisi katika Burma chini ya ukoloni wa Kiingereza, na alikuwa amepigana vita vya Hispania upande wa Jamhuri, ambako aliwaona wanamapinduzi wenziwe wakisingiziwa na kufungwa na wafuasi wa Stalin. Aliandika akiwa msoshalisti, na hakuukana usoshalisti wake mpaka alipofariki Januari 1950. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa kuwa wengi waliokisifu kitabu chake baadaye walilisahau kwa makusudi.

Wakati huo Urusi ilikuwa mshirika wa Uingereza katika vita dhidi ya Ujerumani, na kumdhihaki Stalin kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu, kama si usaliti. Victor Gollancz alikikataa kitabu hicho. Jonathan Cape alikuwa tayari kukichapa, kisha akabadili nia baada ya kupata ushauri wa ofisa mmoja wa Wizara ya Habari. Ofisa huyo anaaminika kuwa Peter Smollett, ambaye baadaye ilifahamika kwamba alikuwa akiwatumikia majasusi wa Urusi. Katika maelezo yake Cape alidokeza kwamba pengine hekaya ingechukiza kidogo kama tabaka linalotawala lisingekuwa la nguruwe. Nchini Marekani kampuni ya Dial Press ilijibu kwamba hadithi za wanyama hazipati wanunuzi.

Jibu lenye kuzingatiwa zaidi ni lile la mshairi T. S. Eliot, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi wa Faber and Faber, katika barua yake ya tarehe 13 Julai 1944. Eliot aliisifu fani ya hekaya, lakini akasema msimamo wake hauridhishi. Kwa maoni yake nguruwe ndio waliokuwa na akili kuliko wanyama wengine, na hivyo ndio waliostahili kuliendesha shamba. Kilichopungua hakikuwa ukomunisti zaidi, ila nguruwe wenye moyo wa kuutumikia umma. Hoja hii haiwezi kupuuzwa kwa kuicheka. Ni hoja ya kale ya kila utawala wa wateule, kwamba tatizo ni tabia ya mtawala na wala si mamlaka yasiyoulizwa. Hekaya ya Orwell iliandikwa ili kuipinga hoja hiyo hasa, na ajabu ni kwamba mmoja wa wasomaji hodari kabisa wa Kiingereza aliitoa kitabuni kama jambo lililosahauliwa na mwandishi.

Kitabu kilichapishwa hatimaye na Secker and Warburg tarehe 17 Agosti 1945, siku mbili baada ya Japani kutangaza kusalimu amri, katika nakala 4,500. Kabla ya kuchapwa, Orwell aliomba badiliko dogo. Katika tukio la kulipuliwa kwa kinu cha upepo alikuwa ameandika kwamba wanyama wote pamoja na Napoleon walijitupa chini kifudifudi. Aliomba Napoleon aondolewe katika hesabu hiyo, kwa sababu Stalin alibaki Moscow Wajerumani walipoukaribia mji huo mwaka 1941, na haki ilitaka aandikwe hivyo. Kutokana na badiliko hili inaonekana kwamba mwandishi hakutaka tashtiti yake iwe matusi matupu. Mwenye kudhihaki uwongo wa wengine alijiona amefungwa na ukweli hata kwa adui yake.

Mwaka 1972 ulitangazwa utangulizi ambao Orwell alikuwa ameuandikia kitabu hiki lakini haukuchapwa. Ndani yake alilalamika kwamba katika Uingereza ya wakati wa vita mawazo yasiyopendwa yalinyamazishwa bila serikali kuhitaji kutoa amri. Wenye kalamu walinyamaza kwa hiari yao. Lalamiko hilo litarejewa hapa chini, kwa kuwa linamhusu mnyama mmoja wa hekaya hii kuliko inavyodhaniwa.

3. Wahakiki na swali la maziwa

Wahakiki wa kwanza waligawanyika. Kingsley Martin, mhariri wa gazeti la New Statesman lililokuwa la mrengo wa kushoto, alimwona Orwell kama mtu ambaye imani yake ya zamani imemchosha. Katika Marekani, George Soule aliandika katika The New Republic mwaka 1946 kwamba hekaya hiyo ni ya kuchosha na imeundwa kama mtambo. Mwaka huohuo Edmund Wilson aliisifu sana katika The New Yorker na kumlinganisha mwandishi na Voltaire na Swift. Toleo la Marekani liliondoa maneno ya chini ya jina la kitabu yaliyokiita hekaya, na kwa kufanya hivyo likamwelekeza msomaji akichukue moja kwa moja kuwa kitabu cha siasa.

Onyo la busara lilitoka kwa William Empson, mshairi na mhakiki aliyekuwa rafiki wa Orwell. Katika barua aliyomwandikia Agosti 1945 alisema kwamba istiari ni umbo la fasihi linalosema zaidi ya anavyokusudia mwandishi wake, na kwamba ajiandae kueleweka visivyo. Alitoa mfano: mtoto mmoja, aliyekuwa mfuasi wa Wahafidhina, alikifurahia kitabu hicho akikiona kuwa propaganda bora ya chama chake. Kitabu kilikuwa na siku chache tu tangu kitoke, na tayari kilikuwa mikononi mwa wasomaji ambao mwandishi hakuwakusudia.

Mwaka 1946 Dwight Macdonald alimwandikia Orwell kutoka Marekani akimweleza kwamba baadhi ya wasomi huko walikichukua kitabu kuwa na maana kwamba kila mapinduzi hayana budi kuishia katika udhalimu. Orwell alijibu kwamba maana aliyoikusudia ilikuwa tofauti. Alitaka kuonyesha kwamba mapinduzi huleta mageuzi ya haki pale tu umati unapokuwa macho, na unapojua kuwaondoa viongozi mara kazi yao inapokwisha. Aliongeza kwamba kipeo cha hekaya ni pale nguruwe walipojiwekea maziwa na matufaha. Kama wanyama wengine wangekataa wakati huo, mambo yangekwenda vizuri.

Jibu hili lapaswa kuwa msingi wa usomaji wowote makini. Wasomaji wengi wanakitafuta kipeo katika mauaji yanayofanywa na mbwa, au katika karamu ya mwisho. Mwandishi anakiweka mapema mno, katika jambo dogo kama ndoo za maziwa, kabla ya damu kumwagika baina ya wanyama wenyewe. Wanyama waliambiwa kwamba nguruwe hula vitu hivyo kwa ajili ya afya ya shamba zima, na kwamba wasipovila bwana wa zamani atarudi. Wakanyamaza. Yote yaliyofuata yalikwisha kuruhusiwa siku hiyo.

4. Wakimbizi na maofisa

Katika historia ya maoni haya hapana wasomaji wanaostahili heshima kuliko wakimbizi wa Ukraine waliokuwa katika kambi za Ujerumani baada ya vita. Ihor Shevchenko, msomi aliyekuwa bado kijana, alikuwa akiwasomea hekaya hii huku akiifasiri papo kwa papo, na Aprili 1946 alimwandikia Orwell kumweleza walivyoipokea. Watu hao walikuwa wameonja njaa na kufukuzwa chini ya Stalin. Lililowagusa zaidi, kwa maelezo yake, lilikuwa ni matukio kama lile la wanyama kuimba wimbo wao wakiwa kilimani baada ya mauaji, wakikumbuka shamba walilolitazamia. Waliipokea hekaya kama maombolezo. Hawakuidharau ndoto ya wanyama, waliilia.

Tafsiri ya Shevchenko ilichapwa Munich mwaka 1947, nayo ikiwa na utangulizi ambao Orwell aliwaandikia wasomaji hao peke yao. Humo alieleza kwamba wazo la hekaya lilimjia alipomwona mtoto wa kiasi cha miaka kumi akimchapa farasi mkubwa wa mkokoteni kila alipotaka kugeuka, akawaza kwamba kama wanyama wangezijua nguvu zao binadamu wasingewaweza, na kwamba matajiri huwanyonya makabwela kwa njia hiyohiyo. Alieleza pia kwamba karamu ya mwisho haikukusudiwa kuwa mapatano ya kudumu baina ya nguruwe na binadamu, bali mwanzo wa ugomvi wao. Wakuu wa jeshi la Marekani mjini Munich walizikamata nakala zipatazo 1,500 za toleo hilo na kuzikabidhi kwa Warusi. Kwa hiyo kitabu ambacho baadaye kingeenezwa kwa fedha za Wamarekani kilianza safari yake miongoni mwa wakimbizi kwa kunyang'anywa na Wamarekani.

Hali ilibadilika upesi vita baridi vilipopamba moto. Mwaka 1948 Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza iliunda idara ya siri ya kupambana na ukomunisti kwa njia ya maandishi, na idara hiyo ikaisaidia hekaya hii kuenea katika lugha nyingine na katika michoro ya magazetini. Mwaka 1949 ofisa wa ubalozi wa Uingereza mjini Cairo alisifu mpango wa kuifasiri kwa Kiarabu akitoa sababu ya ajabu: nguruwe na mbwa, ambao ndio watawala na walinzi katika hekaya, ni najisi kwa Waislamu, na hivyo kitabu kingefaa sana. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 2002, hekaya hiyohiyo iliondolewa katika shule za Umoja wa Falme za Kiarabu, na nguruwe wanaosema wakatajwa kuwa sababu. Mnyama aliyekuwa hoja ya kukieneza kitabu akawa hoja ya kukizuia, na katika nyakati zote mbili aliyeamua alikuwa akimtazama mnyama tu, bila kuyatazama matendo yake.

Filamu ya katuni iliyotengenezwa Uingereza na John Halas na Joy Batchelor, iliyotoka mwaka 1954, iligharimiwa kwa siri na Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA. Mwisho wake ulibadilishwa. Katika kitabu wanyama wanachungulia dirishani na hawawezi tena kutofautisha nyuso. Katika filamu wanyama wanainuka tena na kuwaangusha nguruwe, na mabwana wa kibinadamu hawaonekani katika karamu hiyo ya mwisho. Badiliko hili ni ushahidi bora wa maana ya asili. Waliotoa fedha walitambua kwamba karamu ya Orwell inamshtaki bepari sawasawa na mkomunisti, na kwamba mshitakiwa mmoja lazima atolewe chumbani kabla ya kesi kuonyeshwa hadharani.

5. Hekaya katika Kiswahili

Fortunatus Kawegere aliifasiri hekaya hii kwa Kiswahili, na tafsiri yake ikachapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Iliingia katika lugha yenye mapokeo ya kale ya wanyama wasemao. Msomaji wa Kiswahili alikuwa amekwisha kumjua Sungura mjanja na Fisi mlafi, na masimulizi ya Kalila na Dimna yaliyotokea Bara Hindi na kupita katika Kiajemi na Kiarabu, ambamo wanyama hufundisha siasa za baraza la mfalme. Mapokeo haya yalimsaidia msomaji, kwa kuwa hakuhitaji kuelezwa kwamba mnyama anaweza kumwakilisha mtu. Yalimzuia pia, maana ngano huzoea kumalizika kwa funzo moja, na anayetafuta funzo moja katika hekaya hii huishia kusema kwamba tamaa ni mbaya, kisha akafunga kitabu.

Ulinganisho wenye manufaa zaidi ni ule wa kisa cha Sultani Darai, kilichokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapwa katika kitabu chake cha ngano mwaka 1870. Humo paa anamtumikia maskini mmoja kwa uaminifu, anampatia mke wa kifalme na nyumba ya kitajiri, na anapougua bwana wake hamtazami. Paa anakufa na mwili wake unatupwa kisimani. Msomaji aliyekulia katika kisa hiki hawezi kumsoma farasi Boxer, aliyevunjika kwa kazi na kuuzwa kwa mchinja farasi, kama mfano wa mambo ya Urusi pekee. Lakini tofauti baina ya visa hivi viwili ni kubwa. Katika kisa cha paa adhabu inafika: bwana asiye na shukrani anajikuta amerudi jaani alikotoka. Katika hekaya ya Orwell adhabu haifiki. Fedha za farasi zinanunua pombe, na shamba linaendelea. Fasihi simulizi ilimwahidi msikilizaji kwamba ulimwengu una mizani. Tashtiti inamwonyesha mizani iliyokwisha kuuzwa, na kumwachia yeye kazi ya kuuliza aliyeiuza.

Mwaka wa tafsiri hii nao una uzito. Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa katika Tanzania, na pamoja nalo miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika makampuni. Mwaka huohuo liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Ni rahisi kuona jinsi wasomaji wa pande mbili walivyoweza kukitumia kitabu kimoja. Aliyeuchukia ujamaa angeweza kusema kwamba hekaya imekwisha kutabiri mwisho wake. Aliyeupenda angeweza kusema kwamba miiko imewekwa kwa sababu hiyohiyo, ili maziwa yasipotee usiku. Msomaji wa pili ndiye aliye karibu na maneno ya Orwell kwa Macdonald. Hata hivyo naye alipaswa kuulizwa swali moja: ni nani atakayeilinda miiko hiyo isifutwe?

Jibu la historia lilikuja mwaka 1991, wakati kikao cha Halmashauri Kuu ya Chama Cha Mapinduzi kilichofanyika Zanzibar kilipoilegeza miiko hiyo na kuwaruhusu viongozi mengi yaliyokuwa yamekatazwa. Si haki kuwafananisha kwa haraka viongozi hao na nguruwe wa Napoleon. Hali ya uchumi wa nchi ilikuwa nzito, na zipo hoja za kweli zilizotolewa. Lakini umbo la tukio haliwezi kukosa kumgutusha msomaji wa hekaya. Amri ilikuwa imetangazwa kwa umma kwa shangwe, na ilibadilishwa katika kikao.

Mwaka huohuo wa 1991 serikali ya Kenya ilipiga marufuku mchezo wa kuigiza uliotungwa kutokana na hekaya hii. Kwa muda wa miaka tisa, tangu 1982, Katiba ya Kenya ilikuwa imeruhusu chama kimoja tu, na kifungu hicho kiliondolewa Desemba 1991. Katika hali hiyo aliyeupiga marufuku mchezo alikuwa ametoa uhakiki wake kwa ufupi kuliko wahakiki wote. Hekaya haikumtaja kiongozi yeyote wa Afrika, maana iliandikwa kuhusu Urusi kabla ya Kenya kupata uhuru. Ni mwenye kupiga marufuku aliyejitambua.

Mfano wa Zimbabwe unathibitisha jambo hilohilo. Gazeti la The Daily News liliichapa hekaya hii kwa mafungu mwaka 2001, na wasomaji hawakuhitaji maelezo yoyote. Mwaka 2023 ilitoka tafsiri ya Kishona, Chimurenga Chemhuka, iliyosimamiwa na Petina Gappah na Tinashe Muchuri, ambayo inawapa wanyama lahaja mbalimbali za Kishona. Uamuzi huu unawahusu sana wanaisimu. Unaonyesha kwamba tabaka halikai katika mwili wa mnyama peke yake, linakaa pia katika lugha anayoisema, na kwamba mfasiri ni mhakiki hata pale asipoandika neno la uhakiki.

6. Maandishi ya ukutani

Kutokana na historia hii swali lililotajwa mwanzoni linaweza sasa kujibiwa. Orwell alikigawa kitabu chake kwa kipimo cha kusoma. Nguruwe walijifunza kusoma kwa kitabu cha watoto kilichotupwa jaani. Mbwa walijua kusoma lakini hawakutaka kusoma kitu kingine ila amri saba. Muriel, mbuzi, aliweza kusoma vipande vya magazeti. Clover alizijua herufi zote lakini hakuweza kuunganisha maneno. Boxer hakuvuka herufi ya nne. Kondoo, kuku na bata hawakuzishika amri hata kwa kichwa, wakapewa msemo mmoja mfupi wa kukariri, na msemo huo ndio uliotumiwa baadaye kuwazima wenye maswali.

Amri za ukutani hazikufutwa zote kwa mara moja. Iliyokataza vitanda iliongezewa habari ya mashuka. Iliyokataza pombe iliongezewa kiasi. Iliyokataza kuua iliongezewa sababu. Katika habari ya vitanda na ya kuua Clover anahisi kwamba maneno hayakuwa hivyo, anamwomba Muriel amsomee, na akisomewa anaamini kwamba alikuwa amesahau. Hapa ndipo kiini cha tashtiti hii kilipo. Dhuluma inapita katika sarufi, katika kirai kimoja kinachotiwa mwishoni mwa sentensi, na ushindi wake unategemea kwamba wengi wanaitii sheria ambayo hawawezi kuisoma wenyewe.

Wapo wahakiki waliodai, na dai lao lina nguvu, kwamba kwa kuufanya ujinga wa wanyama uwe wa maumbile Orwell aliwatukana makabwela. Farasi hana uwezo wa kupita herufi ya nne, lakini mkulima anao, na Tanzania ilithibitisha hivyo kwa kampeni za kisomo zilizofuata baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Huu ni udhaifu wa kweli wa umbo la ngano, nao hauna budi kukubaliwa. Lakini hekaya yenyewe inamweka mnyama mmoja anayelibeba lawama hilo kutoka kwa wasiojua hadi kwa wajuao. Punda Benjamin alisoma sawasawa na nguruwe yeyote. Alikataa kuutumia ujuzi huo, akisema hakuna kinachostahili kusomwa. Squealer alipokutwa usiku chini ya ukuta, na ngazi iliyovunjika na kopo la rangi kando yake, Benjamin peke yake alielewa, naye hakusema. Alisoma kwa sauti mara moja tu ya maana, pale gari la mchinja farasi lilipokuwa limekwisha kumchukua rafiki yake. Huyu ndiye yule mwenye kalamu aliyelalamikiwa katika utangulizi uliofichika mpaka 1972.

Kwa wasomi wa lugha za Kiafrika suala hili si la Uingereza wala la Urusi. Kiswahili kiliruhusiwa katika mijadala ya Bunge la Kenya mwaka 1974, lakini miswada ya sheria iliyojadiliwa iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katika Tanzania, nchi ambayo siasa zake zote ziliendeshwa kwa Kiswahili, ilikuwa mwaka 2021 ndipo Kiswahili kilipofanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria. Kati ya 1967, Kawegere alipoziandika amri saba za wanyama kwa Kiswahili, na 2021, pana miaka 54 ambayo msomaji wa Kiswahili aliweza kuzisoma amri za shamba la kubuniwa kwa urahisi kuliko nyingi za sheria zilizomtawala. Clover hakuwa mbali.

Wasomaji wa hekaya hii wameshindana kwa miaka 80 juu ya jina la nguruwe. Ushindani huo hauna mwisho na una faida ndogo, kwa kuwa kila zama zitaleta jina jipya, na kila mwenye jina hilo atamwona mwingine. Kazi ya mfasiri, ya mwanaleksikografia na ya mwalimu wa lugha iko mahali pengine. Ni kazi ya kumwezesha Clover kusoma mwenyewe, bila kumwomba mtu. Na palipo na kirai kilichoongezwa usiku, ni kusema asubuhi hiyohiyo kwamba kimeongezwa.